Habari Haina Budi Kuwa na Mwenyewe

Tukitaka kusema kweli, hapa kwetu Uvira gazeti la karatasi halikuuawa na simu. Simu ililikuta gazeti li mgonjwa kitandani, ikalifunika shuka tu. Kwa hiyo sitaki kulilia gazeti kama wanavyolilia watu wa Ulaya. Wao walikuwa nalo kila asubuhi mezani pamoja na chai, na sisi hatukuwa nalo. Lakini kuna jambo moja ambalo gazeti lilikuwa nalo, na ambalo habari za simu mara nyingi hazina. Jambo hilo likitupotea sisi tunaokaa kandokando ya ziwa, litatudhuru. Nataka kulieleza polepole, wasomaji wapenzi, maana nimeliona kwa macho yangu katika shirika letu.

Gazeti lililokuja kwa meli

Gazeti si mgeni wa jana katika nchi zetu. Huko Unguja wamisionari Waanglikana walianza kupiga chapa jarida la Msimulizi mwaka 1888. Mwaka 1911 Mapadre Weupe walianzisha Munno nchini Uganda, kwa lugha ya Kiganda. Mwaka 1933 lilitokea gazeti la Kinyamateka huko Kabgayi, Rwanda, na mwaka 1950 Kiongozi huko Tabora. Kutoka Tabora gari moshi huenda mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma vyombo hupanda ziwa mpaka kwetu Kalundu. Wazee waliotutangulia katika kazi ya ukatekista husimulia kwamba majarida yalifika kwa njia hiyo, yamefungwa kamba pamoja na vitabu vya sala na chaki za shule, yakiwa yamechelewa mwezi mmoja au miwili. Hakuna aliyenung'unika. Mmoja aliyejua kusoma alikaa chini ya mwembe akasoma kwa sauti. Wengine wakasikiliza, wakauliza, wakabishana. Nakala moja ilitosha kijiji kizima.

Baadaye, wakati wa Zaire, miji mikubwa ilikuwa na magazeti yake: Elima na Salongo mjini Kinshasa, Mjumbe mjini Lubumbashi, Jua mjini Bukavu. Hayo yalisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Ilipofika tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu akatangaza kwamba utawala wa chama kimoja umekwisha, na magazeti mapya yakachipuka Kinshasa kama uyoga baada ya mvua. Watu wasio na pesa ya kununua walisimama mbele ya wauzaji, wakasoma vichwa vya habari na kujadiliana mpaka jua likawa kali. Kwa mzaha wakaitwa wabunge wa kusimama.

Lakini Kinshasa ni mbali. Gazeti la kule lilipofika Uvira lilikuja katika mkoba wa msafiri, habari zake zimekwisha kuchakaa, tena limeandikwa kwa Kifaransa. Kwa mama muuza ndagala wa Kalundu lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kufungia karanga.

Karibu zaidi nasi, mjini Bukavu, lilikuwapo gazeti la Le Souverain. Tangu mwaka 2007 liliongozwa na mama jasiri, Solange Lusiku Nsimire. Watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, akatishwa mara nyingi, wala hakuacha kuandika. Mwaka 2012 Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, nchini Ubelgiji, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya kimataifa ya ushujaa kwa wanawake waandishi wa habari. Alifariki Oktoba 2018. Hata mama huyu aliyejulikana nchi za mbali alihangaika kutafuta fedha za kupiga chapa. Basi mtu asiseme kwamba sisi wa Kivu tulikuwa na magazeti mengi na simu ikatunyang'anya.

Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma magazeti seminarini. Tulikuwa na chumba cha kusomea chenye rafu mbili za majarida. Papa Yohane Paulo II alipofariki, tarehe 2 Aprili 2005, tulipata habari usiku ule ule kwa redio. Redio ilitupa sentensi moja. Majarida yalifika baada ya majuma mengi, nasi tuliyagombania, maana ndani yake mlikuwa na maisha yote ya mtu yule, tangu Poland mpaka Roma, pamoja na picha. Padri mmoja mzee aliyetufundisha historia alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuturuhusu kusoma habari yoyote, alituamuru tutafute kwanza pale palipoandikwa kwa herufi ndogo: jina la mhariri, mahali gazeti lilipopigwa chapa, na tarehe. "Pigeni hodi kwanza," alikuwa akisema, "mjue mnaingia nyumba ya nani." Sisi vijana tukampa jina la Padri Hodi. Somo lake limenifaa kuliko masomo mengi niliyoyafanyia mtihani.

Kwa nini karatasi inashindwa

Sababu za karatasi kushindwa si fumbo. Karatasi na wino hununuliwa kwa dola. Mtambo hutaka umeme. Nakala hutaka gari, na gari hutaka barabara na amani. Hata baada ya hayo yote, muuzaji hubaki na nakala zisizonunuliwa, na habari ya jana haina mnunuzi leo. Tena matangazo ya biashara, ambayo zamani yalibeba sehemu kubwa ya gharama za magazeti, yameufuata umati wa watu huko ulikohamia. Simu haitaki meli wala lori. Mtu akiwa na mega za bei ndogo, hupata habari za Kinshasa, za Bujumbura na za Roma kabla chai haijapoa.

Hata wenye nguvu wameshindwa. Nchini Uingereza gazeti la The Independent, lililoanza mwaka 1986, liliacha kupiga chapa Machi 2016 na kubaki mtandaoni tu. Jeune Afrique, lililoanzishwa na Béchir Ben Yahmed mjini Tunis mwaka 1960, na ambalo wasomi wetu wengi walilitegemea, lilitoka kila juma kwa miaka mingi. Mwaka 2020 likageuka kuwa la kila mwezi, na habari za kila siku zikahamia mtandaoni. Jarida hili unalolishika mkononi, ndugu msomaji, nalo limo katika mashindano hayo hayo.

Wala tusiisingizie simu. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukabomoa nyumba na kuua watu mjini mwetu, watu walitafutana kwa simu. Kwa simu tulijua ni nani yu hai na ni nani hajaonekana, na wapi familia zilizokosa makao zimelala. Gazeti lingetufaa nini usiku ule? Lingekuja kutuhesabia maiti baada ya mwezi.

Tena simu imewapa habari watu ambao gazeti halikuwajali. Magazeti yetu mengi yaliandikwa kwa Kifaransa, na mtu asiyejua kusoma alifungiwa mlango mara mbili. Redio ilianza kuufungua mlango huo. Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002, husema kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Sasa simu imeufungua zaidi. Mama asiyejua herufi hata moja hupokea sauti kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru au kwa Kibembe, akaielewa, naye akajibu kwa sauti yake. Hilo ni jambo jema. Anayelidharau huyo hajapata kukaa sokoni na mama hao.

Asubuhi gani?

Sasa nisimulie niliyoyaona. Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipokwisha kuingia Bukavu, mji wetu ulijaa hofu. Askari na raia walishuka kutoka bondeni. Risasi zililia mjini. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine kwa kuuvuka mto Rusizi, wengine kwa mitumbwi. Hayo yote yalikuwa kweli, wala hakuna anayeyakana.

Lakini katikati ya ukweli huo ilipita sauti moja kwenye simu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya kuhema, ikisema, "Ndugu zangu, kimbieni, asubuhi hii wameingia Sange, wanashuka Uvira." Kutoka Sange mpaka kwetu si mbali. Mjane mmoja wa shirika letu, mwenye watoto watatu, aliisikia usiku, akawaamsha watoto na kutoka. Aliacha uani ndagala alizozianika, mtaji wake wote. Alilala njiani upande wa Kavimvira usiku mbili pamoja na watu wengine wengi. Aliporudi hakukuta hata samaki mmoja, na mlango ulikuwa umeng'olewa.

Watu walinijia wakaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyesema vile?" Niliisikiliza sauti ile mara tatu. Haikuwa na jina. Haikusema mtu yule alisimama wapi. Ilisema "asubuhi hii". Lakini asubuhi gani? Kijana mmoja wa kwaya akaniletea simu yake akanionyesha: sauti ile ile alikuwa ameipokea siku nyingi kabla, na tarehe ya kuipokea ilionekana pale. Nani aliisema kwa mara ya kwanza, na lini, hakuna aliyejua. Kila mtu aliyeirusha kwa wengine aliifanya kuwa mpya. Asubuhi ile haikwisha, na kila aliyeisikia alidhani ni asubuhi yake.

Madhara makubwa yalikuja baadaye. Desemba 2025 sauti zilianza kupita tena, na mjane yule alisema, "Nimewachoka. Sikimbii tena kwa ajili ya simu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mara hii ilikuwa kweli. Tarehe 10 Desemba 2025 M23 waliingia Uvira. Alitoka akiwa amechelewa, katika msukumano wa watu, akapotezana na mtoto wake wa pili. Kwa neema ya Mungu mtoto huyo alipatikana baada ya siku tisa, ng'ambo ya Burundi, kwa watu wema waliokuwa wakimlisha.

Basi mtazameni mama huyu. Habari ya uwongo ilimnyang'anya mali, kisha ikamnyang'anya imani yake katika habari ya kweli. Mali inaweza kutafutwa tena. Lakini mtu asiyeweza tena kuliamini neno la onyo yuko katika hatari kila siku, na katika mji kama wetu watu wa namna hiyo sasa ni wengi. Ninapowaza juu ya magazeti na simu, nawaza juu ya mama huyu.

Gazeti lilikuwa na mlango

Ndipo ninapolikumbuka somo la Padri Hodi. Gazeti, hata likiwa baya, lilikuwa na vitu vitatu. La kwanza ni jina: mtu fulani alijibu juu ya kila neno lililopigwa chapa. La pili ni tarehe: "leo" ya gazeti ilikuwa leo moja tu, imeandikwa juu ya ukurasa, wala haikuweza kugeuka kesho. La tatu ni kubaki: neno lilikaa pale pale, na baada ya mwaka ungeweza kulionyesha kwa kidole na kusema, mliandika hivi.

Kwa ajili ya vitu hivyo vitatu sheria iliweza kulishika gazeti. Sheria yetu ya magazeti ya tarehe 22 Juni 1996 ilidai kila gazeti liwe na mkubwa wake anayejulikana, na mtu aliyechafuliwa jina apewe nafasi ya kujibu. Tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi sheria mpya mahali pa ile, nayo inagusa pia habari za mtandaoni. Hiyo ni hatua njema. Lakini sheria hubisha hodi mlangoni. Sauti ile ya Sange haikuwa na mlango.

Labda mtu ataniuliza: je, magazeti ya karatasi hayakusema uwongo? Yalisema, na mengine yalitenda maovu makubwa kuliko sauti ile. Nchini Rwanda gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, lilieneza chuki dhidi ya Watutsi mpaka mwaka ule wa mauaji, 1994. Lilikuwa na jina, lilikuwa na tarehe, na bado lilitia sumu katika mioyo. Lakini angalieni lililofuata. Nakala zake zilibaki. Ziliwekwa mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha, na Desemba 2003 mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa. Karatasi iliyotumiwa kuchochea watu ikageuka kuwa shahidi. Leo katika mkoa wetu maneno ya chuki dhidi ya jirani yanarushwa kwa simu usiku, na asubuhi yamefutwa. Nani atayaleta mbele ya hakimu? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba na ubaya bila daftari hupotea bila hukumu.

Tena hapa Kongo tuna ugonjwa wa kopaji, ile pesa anayopewa mwandishi na mtu aliyemwita ili aandike vizuri juu yake. Ugonjwa huo ulianza zamani katika karatasi na redio, na umehamia mtandaoni bila kupona njiani. Kwa hiyo sisemi kwamba karatasi ni mtakatifu. Nasema karatasi ilikuwa na mlango, na mwenye malalamiko alijua mahali pa kubisha.

Jina lina gharama

Kuweka jina juu ya habari si jambo jepesi. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa Januari 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin. Serge Maheshe wa Redio Okapi alipigwa risasi mjini Bukavu Juni 2007. Ng'ambo ya ziwa letu, Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu lililoanzishwa Bujumbura mwaka 2008, alitoweka Julai 2016. Watu hawa waliweka maisha yao kuwa dhamana ya neno lao. Mrusha sauti hataki kuweka dhamana hata jina lake.

Najua kwamba katika vita yako majina yanayopaswa kufichwa. Mtu aliyeona mauaji mtaani kwake akilitaja jina lake hataiona Dominika ijayo. Huyo afichwe, wala si dhambi. Lakini hata hapo gazeti lilikuwa na njia yake. Mhariri alimjua shahidi, alimhoji, akaulizia kwa wengine, kisha akaandika kwa jina lake yeye mhariri. Gazeti humficha shahidi, lakini lenyewe halijifichi. Hiyo ndiyo tofauti.

Nashukuru kwamba wako wanaofanya kazi hiyo mtandaoni pia. Actualité.cd, iliyoanzishwa na Patient Ligodi mwaka 2016, ina wahariri wanaojulikana. Congo Check, iliyoanzishwa mwaka 2018 na waandishi wa nchi yetu, hufanya kazi ya kuzipima habari zinazoenea na kusema ipi ni ya kweli na ipi ni ya uwongo. Basi ugomvi wangu si baina ya karatasi na kioo cha simu. Ugomvi ni baina ya habari yenye mwenyewe na habari isiyo na mwenyewe. Zamani ugomvi huo haukuonekana sana, kwa kuwa karatasi ilimlazimisha mtu kuwa na mtambo, nyumba na jina. Simu haimlazimishi, na kwa hiyo hana budi kujilazimisha mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kuwakumbusha wanaosema tuache karatasi kabisa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, mtandao ulizimwa katika Kongo nzima, ukakaa hivyo siku 20. Hapa mpakani wengine walijaribu kuushika mtandao wa Burundi. Wengi wakakaa gizani. Nchini Tanzania, Oktoba 2024, wakubwa wa mawasiliano walizifunga kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, na magazeti yake ya karatasi yakaendelea kutoka. Karatasi nayo hufungiwa. Tanzania hiyo hiyo ilirudisha Februari 2022 leseni za magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, likiwamo MwanaHalisi. Lakini mkono mmoja unaweza kuzima simu zote za nchi kwa dakika moja. Nakala iliyokwisha kufika chini ya mwembe haizimiki.

Tufanye nini?

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilifaa wakati msemaji alikuwa jirani. Ulimjua kuwa mkweli au mlevi, ulijua shamba lake na mke wake, ukapima neno lake kwa kumpima yeye. Leo lisemwalo laweza kuwa halipo, wala haliji, na aliyelisema hajulikani amekaa nchi gani.

Kwa hiyo katika shirika letu tumekubaliana mambo machache, nami nayaandika hapa ili wenzetu wa Baraka, wa Fizi, wa Sange na wa Luvungi wayatazame, kama yatawafaa.

Kwanza, habari ikifika katika simu, mtu asiirushe kwa wengine kabla ya kuuliza maswali matatu: Nani amesema? Alisema siku gani? Alikuwa amesimama wapi alipoona? Swali moja likikosa jibu, habari hiyo hubaki kwa aliyeipokea. Vijana walidhani sheria hii itatuchelewesha. Nikawaambia: mtu aliye Sange kweli hachelewi kutaja jina lake na mahali pake, maana ana haraka ya kuaminiwa.

Pili, kila mtaa una mtu mmoja wa kuulizwa. Hatukumchagua kwa sababu ana simu kubwa. Tulimchagua kwa sababu ana ndugu na marafiki bondeni na mlimani ambao anaweza kuwapigia na kusikia sauti zao yeye mwenyewe. Katika mtaa wetu kazi hiyo tumempa mjane yule niliyemtaja. Wengine walishangaa. Lakini hakuna anayeuliza "asubuhi gani?" kwa ukali kama yeye.

Tatu, mlangoni mwa kanisa letu dogo tumetundika ubao. Kila Jumamosi jioni mimi na kijana yule wa kwaya tunabandika karatasi moja, kwa Kiswahili: habari za juma zilizothibitika, kila moja na jina la aliyeileta na tarehe. Isiyo na tarehe haibandikwi, hata ikiwa tamu. Chini tunaweka majina yetu sisi wawili. Baada ya Misa watu huizunguka, anayejua kusoma huwasomea wasiojua, na vijana huipiga picha kwa simu na kuituma kwa jamaa zao waliokimbilia Burundi na Tanzania. Kwa hiyo karatasi yetu moja husafiri mbali, tena kwa haraka kuliko jarida lolote lililopata kuja kwa meli; na popote inapofika, hufika na jina lake na siku yake. Karatasi za majuma yaliyopita hatuzitupi. Zimo katika sanduku la bati sakristiani, zimepangwa kwa miezi.

Mtu ataniambia kwamba hayo ni madogo mbele ya vita. Ni madogo, nakubali. Lakini amri ya nane hatukupewa kwa ajili ya wafalme na wenye magazeti tu. Zamani mtu maskini hakuwa na nafasi ya kuwadanganya watu elfu moja kwa siku moja; alihitaji mtambo. Sasa kila mmoja wetu ana mtambo mfukoni, na kila mmoja amekuwa mhariri bila kupita shule ya uhariri. Basi kila mmoja achukue na mzigo wa mhariri: aweke jina lake, aweke siku, na awe tayari kufunguliwa hodi na mtu aliyeumizwa na neno lake.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, jarida hili limekuja kwako kwa shida, kwa mikono ya watu wengi. Ukilimaliza mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma. Akiisha kusikia, na wengine wakiisha kusikia, hapo ndipo mama muuza karanga anaweza kulichukua.